"Sawa, kaka"

Wifi kajifungua salama, mtoto wa kike, na sisi hatimaye tumehamia Goba. Mungu ashukuriwe kwa yote mawili. Lakini kinachoninyima usingizi wiki hii ni maneno aliyosema dogo wetu wa mafunzo kwa vitendo kwenye kikao cha Jumatatu.

Kiongozi wa timu alikuwa anaeleza sehemu ya malipo ya simu kwenye programu tunayotengeneza, ileile mteja anayotusumbulia tangu kabla ya mfungo. Dogo akanyoosha mkono.

"Samahani, kaka. Mtandao ukikata katikati, mtu akabonyeza tena 'Lipa', si atakatwa hela mara mbili?"

"Dogo, wewe umepewa vitufe na rangi. Malipo waachie wenyewe."

Watu wakacheka. Dogo akashusha mkono. "Sawa, kaka."

Nilisema swali lijibiwe. Nikaambiwa tutalizungumza baadaye, tukaingia mada nyingine. Tangu hapo, nikiosha vyombo namsikia, nikiwa kwenye daladala namsikia. Sawa, kaka. Hakununa wala hakubisha. Alifungua daftari lake akaandika kitu, akalifunga.

Kijana aliyelelewa vizuri habishani na mkubwa wake, na mimi sitaki dogo abadilike awe mbishi. Ndiyo maana naona mzigo ni wa mkubwa. Kama mdogo akinyamazishwa mara moja hatauliza tena, basi mwenye cheo ndiye anayepaswa kulipokea swali, na hata kulitafuta. Tunanunua vifaa vya kupima programu, tunabandika kadi ubaoni, tunafanya vikao kila asubuhi, halafu swali moja la maana linafukuzwa kwa kicheko. Linaniuma kwa sababu wanaokatwa hela mara mbili ni watu kama mama yangu, ambao hawajui pa kulalamika.

Usiku niliufungua msimbo, yaani maandishi yanayoendesha programu, nikausoma. Namba ya kumbukumbu ya malipo ilikuwa inatengenezwa kila kitufe kinapobonyezwa. Maana yake, mtu akibonyeza mara ya pili anapata namba mpya, na seva inaona ni malipo mapya kabisa. Namba hiyo ilipaswa kuzaliwa mara moja tu, oda inapofunguliwa, na hifadhidata ikatae kupokea namba ileile mara mbili. Mabadiliko yaliyoingiza msimbo huo yalikuwa na mistari zaidi ya elfu mbili, yameletwa kwa mkupuo. Mzigo wa namna hiyo hakuna anayeusoma hadi mwisho, watu wanaupigia muhuri tu.

Nikakumbuka chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichotumwa sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa. Programu ya timu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, timu ya pili ikazisoma kama nyutoni. Watu wanakumbuka vipimo tu. Mimi nakumbuka kwamba baadhi ya waongoza njia walikuwa wameshaona mahesabu hayakai sawa, wasiwasi wao ukapita kwenye barua pepe na maongezi, haukufuatiliwa hadi mwisho. Uchunguzi ulitaja pia udhaifu wa mawasiliano kati ya timu. Wale walikuwa wataalamu waliobobea. Sembuse dogo wa miezi mitatu?

Basi, Alhamisi. Dogo akaja mezani kwangu na kompyuta yake, akaniomba nimwangalilie kitu. Alikuwa ameandika jaribio: anatuma ombi la malipo, anakata mtandao, anatuma tena. Oda moja, malipo mawili. Kiongozi alikuwa anapita na chai yake, akasimama nyuma yetu. Nikajiandaa kwa maneno.

Akavuta kiti. "Nionyeshe tena, taratibu."

Wakakaa pale hadi chai ikapoa. Kabla hajainuka akamwambia, "Jumatatu ulikuwa sahihi. Kesho utawaeleza wenzako mwenyewe." Na Ijumaa dogo alieleza, amesimama, sauti ikitetemeka kidogo mwanzoni, halafu ikanyooka. Nilifurahi mno, kuliko siku nyingi nilizopandisha programu hewani bila hitilafu. Tumekubaliana pia mabadiliko yaletwe madogo madogo, na msimbo unaogusa hela usomwe na watu wawili, mmoja wao awe hakushiriki kuuandika. Nitausimamia huo utaratibu hata tukibanwa na tarehe.

Ningelala kwa amani leo, ila mama kanipigia jioni. Ameacha kumeza dawa za presha eti kwa sababu anajisikia vizuri, na mguu wa kushoto umeanza kuvimba tena. Nimemwomba mjomba ampeleke zahanati kesho asubuhi. Hadi sasa hajanijibu.