Filta za spamu: usiiachie moja iamue peke yake

Wadau mnaoendesha seva za meili, hili nalisema kwa uzito. Ukitegemea filta moja ya kuzuia spamu (meili taka) utaumia, na ukizirundika zote bila mpangilio utaumia zaidi. Mi nahudumia ofisi ndogo ndogo hapa Dar, nyingi ni za kutoa mizigo bandarini, na kwa hawa watu meili moja ya ajenti wa meli ikipotea ndo kontena limelala na storeji inahesabu, kwa iyo kwangu kukataa meili halali ni kosa baya kuliko kupitisha spamu.

Kazi nyepesi itangulie. Mlangoni naweka Postfix, programu ya kupokea na kutuma meili, na postscreen yake, mlinzi wa mlangoni, hii inamsubirisha mgeni sekunde 6 kabla ya kumsalimia, sasa zile boti zina haraka, zinaanza kuongea kabla ya salamu na hapo zishajichongea. Muda huohuo IP ya huyo mgeni inaulizwa kwenye listi ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani za watuma spamu. Waliopita ndo SpamAssassin, filta inayoipa kila meili pointi za spamu, anawasomea meili yao na ClamAV, antivairasi, inacheki viambatanisho. Ukimpelekea SpamAssassin kila takataka, seva ya ramu ndogo inakata pumzi mapema tu.

Ila hapo kwenye Spamhaus pana mtego, na umewaliza wengi. Kuna ofisi moja pale Posta niliitwa meili zote haziingii, mpaka za wateja wa miaka yote. Kufungua logi, kila mstari 554, yani meili imekataliwa, blocked using zen.spamhaus.org. Yani dunia nzima imekuwa spamu? Kumbe seva inatumia 8.8.8.8 ya Google kwa DNS, na Spamhaus hawahudumii maswali yanayopitia risolva za umma (seva za DNS za kila mtu kama hiyo), wanarudisha 127.255.255.254 kama onyo, afu Postfix iliyosetiwa kizembe ikiona jibu lolote inajua huyu yumo kwenye listi. Dawa ni kuweka Unbound, risolva yako mwenyewe, palepale kwenye seva iulize yenyewe, na kwenye Postfix uandike wazi majibu gani ya kukubali, =127.0.0.[2..11].

Lingine ni Kiswahili chetu. Rulu za SpamAssassin karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, "Habari bosi, nimeambatanisha proforma" yenye kirusi ndani inapita imenyooka kabisa. Hapo anayetuokoa ni Bayes, sehemu ya SpamAssassin inayojifunza kutokana na meili unazomwonyesha, ila haanzi kazi mpaka umfundishe spamu 200 na meili safi 200, na watu wengi wanamlisha spamu tu, hizo safi hawampi. Mpe zote kwa komandi ya sa-learn, za Kiswahili zenu za kila siku, za mhasibu, za dereva, utaona tofauti. Na meili ikifika pointi 5 za SpamAssassin usifute, peleka kwenye folda ya spamu mtu akaangalie mwenyewe.

Greilisti, ile ya kumkatalia kwa muda mtumaji mgeni mpaka atume tena, kwa kila mtu siipendi, maana namba ya uthibitisho ya benki inachelewa mpaka ina-ekspaya na simu zinaanza. Ukiwa unaanza seva mpya leo bora Rspamd, filta nyingine ya kushika nafasi ya SpamAssassin, yenyewe kwa seti zake za kawaida inamchelewesha tu aliyefikisha pointi 4, kwenye 6 inabandika alama, inakataa kabisa kwenye 15. Ila Unbound weka pia, Spamhaus hawahudumii risolva za umma hata ukitumia Rspamd.