Mafaili 36 yaliyogeuka 38

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Seva ilihamishwa, kwa hiyo anwani yake, 10.0.1.5, ilipaswa kuwa 10.0.2.7 kwenye mafaili yote ya .conf (ya mipangilio) ndani ya folda moja. Kabla ya kugusa chochote nilipiga grep -rl, amri inayoorodhesha mafaili yenye neno fulani, nikitafuta anwani ya zamani: mafaili 36. Nikaandika kitanzi cha mistari minne kinachopita faili moja moja, chenye sed -i ndani yake (sed hubadilisha maandishi, -i huyaandika kwenye faili lenyewe), nikakiendesha. Anwani ya zamani haikuonekana tena. Mpya nikaikuta kwenye mafaili 38.

Nikaona 38, nikafurahi. Usiku ulikuwa umeenda.

Niliiamini -i kwa sababu siku za nyuma nilishaungua na sed 's/…/…/' "$f" > "$f". Pale matokeo yanaelekezwa kwenye faili lile lile, na bash, programu inayopokea amri zangu, hulifuta faili kwanza ili kupata pa kuandikia, halafu ndiyo inaiita sed, ambayo inakuta faili la baiti 0 haina la kusoma. Safari hii nilijiona mjanja.

Nikawasha programu upya. Ikaenda kugonga mlango wa seva ya zamani. Nikaizima, nikaiwasha, vilevile. Nikailaumu kache, nikaifuta. Nikaulaumu mtandao. Nikafungua faili kwa cat, na anwani mpya ipo pale pale, inaniangalia. Saa nzima na ushee ikaisha hivyo.

Kilichonitoa ni ls -l, amri inayoorodhesha mafaili, tena kwa bahati tu, maana nilikuwa natafuta tarehe. Mstari wa faili kuu ulianza na kistari. Haukupaswa. Miezi kadhaa iliyopita nililifanya faili hilo kiungo: halina maandishi yake, linaelekeza tu kwenye faili halisi lililo folda nyingine. Mstari wa kiungo huanza na herufi l. Ile l haikuwepo.

Tunasema sed -i inahariri faili palepale, kumbe faili lenyewe hailigusi. Inaandika jipya la muda pembeni, kisha inalipa jina la lile la zamani. Piga ls -i kabla na baada, utaona namba ya inodi, ile ambayo mfumo hulitambulia faili, imebadilika. Kwa faili la kawaida hutahisi tofauti yoyote. Kwa kiungo, kinachofutika ni kiungo chenyewe. Mahali pake panakaa nakala iliyosahihishwa, na faili halisi linabaki na anwani ya zamani huko huko liliko. Na programu yangu ilikuwa inasoma huko moja kwa moja.

Hapo namba zikaeleweka. grep -r haifuati viungo inavyovikuta ndani ya folda, kwa hiyo mwanzoni iliviruka viwili. Vilipogeuka mafaili kamili, ikavihesabu. Jibu nilikuwa nalo kwenye skrini tangu dakika ya kwanza!

sed ya GNU, ile ya Linux, ina --follow-symlinks, chaguo la kufuata kiungo hadi faili halisi, na ningeweza kuishia hapo. Lakini skripti hii naitumia pia kwenye macOS, ambako chaguo hilo halipo, na -i inadai kiambishi cha bakapu, yaani mkia wa jina la nakala ya akiba, hata kama ni kitupu. Ukiandika sed -i -e kwa mazoea ya Linux, unaachiwa mafaili mengine yenye mkia wa -e. Yangu sijamaliza kuyafuta. Basi nikaachana na -i. Sasa sed inaandika kwenye faili la muda linaloundwa na mktemp, halafu cat "$tmp" > "$f". Yaani maandishi yanamiminwa ndani ya faili lile lile: kiungo kinabaki kiungo, inodi ni ile ile, ruhusa hazibadiliki. Mashine ikizimika katikati ya cat, faili litabaki nusu, hatari ambayo ile njia ya kubadilisha jina haina. Kwa mafaili ya kilobaiti 2, nimekubali.

Viungo viwili nimevirudisha kwa ln -s, amri ya kuunda viungo, na programu inafanya kazi. Ila asubuhi hii nimekuta 10.0.2.70 mahali palipokuwa na 10.0.1.50, kwa sababu sikuiambia sed namba inaishia wapi. Naanza tena.