Siku yangu na kotapini iliyogoma, hapa Busia

Saa 1 asubuhi. Natandika gunia chini ya mwembe, upande wa Uganda wa mpaka. Ni hapa mpakani ambapo jina bodaboda lilianzia, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda. Leo pikipiki zimejaa, lakini baiskeli ya mzigo haijazikwa.

Saa 2. Pancha mbili, breki moja, chai na chapati.

Saa 3. Mzee mmoja anafika akisukuma baiskeli yake, nyuma gunia la mukene, dagaa wa ziwani, kutoka Majanji. (Ukivuka tu kuingia Kenya, mukene hao hao wanaitwa omena.) Mkono wa pedali unacheza, kila mzunguko unagonga ko! Kotapini, ile pini inayoubana mkono wa pedali kwenye ekseli yake, imelika, na kutu imeishikilia. Tena mtu alishaigonga kabla yangu: ncha imetanuka kama uyoga.

"Piga tu, fundi, soko linaniacha."

"Mzee wangu, nikipiga hivi hivi nitakuuzia na gololi mpya."

Simtanii. Mwaka wangu wa kwanza niligonga ya mwalimu mmoja ikiwa inaning'inia hewani. Pini haikutoka, bakuli la gololi likapasuka, nikalilipa mimi.

Kotapini ni kabari, inatoka upande mmoja tu: unagonga ncha yenye nati, kichwa kinatangulia. Kwanza naisawazisha ncha kwa tupa, kisha naifungua nati mpaka ilingane na ncha, naiacha hapo ilinde meno. Namimina dizeli kidogo. Mzee anapiga miayo, mimi naziba pancha nyingine.

Saa 5. Nasimamisha kipande cha bomba nene la chuma chini ya mkono wa pedali, tundu lake likikizunguka kichwa cha pini. Sasa pigo linashuka ardhini badala ya kuingia kwenye gololi. Nyundo ya kilo moja, pigo moja la haki. Vipigo vingi vya woga ndivyo vinavyootesha uyoga. Kimya. La pili, kimya.

Saa 6. Nafuta dizeli yote kwa kitambaa, maana moto hauna adabu, kisha tunakwenda kwa jirani mchomeleaji. Anapasha mkono wa pedali, si pini, ili tundu litanuke. Narudisha bomba, napiga. Mlio unabadilika, ti! badala ya du! Nikisikia hivyo huwa natabasamu peke yangu. Pigo jingine, pini inadondoka ndani ya bomba.

Saa 7. Dukani kuna pini za milimita 9 na za 9.5, na muuzaji hukupa iliyo karibu na mkono wake. Ndiyo maana nimekwenda na ile ya zamani. Naipiga tupa upande bapa kidogo kidogo, naiingiza ikielekea kinyume na ya mkono wa pili, la sivyo pedali zitapishana vibaya. Naigonga ikae, ndipo nakaza nati. Nati haikuumbwa kuvuta pini.

"Rudi kesho niikaze tena, mzee."

Analipa nusu pesa, nusu mukene.

Saa 11 jioni namwona anarudi, anaisukuma baiskeli. Moyo wangu paa! Kumbe ni pancha. Nikiwa nayo mkononi nakaza na nati ile: imekubali nusu mzunguko.