Salamu Bila Ujirani

Mwaka wa 2013 nilikuwa zamu ya usiku katika kampuni ndogo ya kuuza intaneti, orofa ya sita ya jengo moja la Ngara ambalo lifti yake ilifanya kazi ikipenda. Alhamisi moja, saa tano usiku na dakika zake, stima ikapotea. Jenereta ya jengo ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Betri zetu zilivumilia kama robo saa, kisha chumba cha seva kikawa kimya kabisa. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kimya kile kinavyotia baridi mgongoni.

Stima ilirudi saa sita na nusu. Feni zikaanza kuvuma moja baada ya nyingine, taa za kijani zikawaka, nami nikajimiminia chai kutoka chupa ya soja wa lango nikijua mambo yamekwisha. Hata sijaifikisha mdomoni, simu ikalia. Alikuwa jamaa mwenye saiba Eastleigh, mtu ambaye hadi leo siamini kama huwa analala.

"Bana, mbona huku bado?"

Mtandao wetu ulikuwa hivi: ruta moja ya chuma, mashine ya kuelekeza data, iliyotazama nje, na nyuma yake seva ya Linux iliyogawa kasi kwa wateja. Mashine hizo mbili zilipashana habari za njia kwa OSPF, itifaki (kanuni za mazungumzo) ya ruta. Hakuna mtu anayeandika njia kwa mkono. Kila mashine humwambia jirani yake mitandao iliyo nyuma yake, na njia ikikatika habari hufika yenyewe. Kwenye Linux tulitumia Quagga, programu iliyochipuka kutoka nyingine iliyoitwa Zebra. Quagga ni aina ya punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka. Wa mwisho alifia Amsterdam mwaka wa 1883. Usiku ule nilijiuliza ni nani aliyeona busara kuipa programu ya kazi jina la marehemu.

Nikaiuliza Quagga majirani zake ni akina nani. Ikanitajia mmoja, ile ruta, na kando yake neno Exchange, hatua ya kubadilishana habari. Nikaingia kwenye ruta, nikauliza swali lile lile, nikakuta ExStart, hatua iliyo nyuma ya hiyo. Neno ninalolitaka mimi ni Full, yaani ujirani umekamilika. Nikasubiri. Nikauliza tena. Nikazima Quagga nikaiwasha. Maneno ni yale yale.

Nilimpigia mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha fizikia kabla ya kuingia kwenye nyaya. Alipokea akiwa na sauti ya blanketi.

"Wateja wako nje?"

"Wako nje, Mwalimu."

"Basi weka njia za mkono kwanza. Mgonjwa apumue, ndipo umuulize anaumwa wapi."

Nikaandika mistari minne kwenye ruta, kila mmoja ukieleza kwamba mtandao fulani uko nyuma ya seva, na mmoja kwenye seva wa kupeleka kila kitu nje. Dakika tatu baadaye yule wa Eastleigh akanitumia ujumbe wa neno moja: "Poa." Ningeweza kulala hapo, lakini njia za mkono ni deni. Kebo ikikatika, zenyewe huendelea kuapa kwamba iko salama.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa fayawoli, mlinzi anayeamua data ipi ipite, maana OSPF haisafiri kwa TCP wala UDP, itifaki za kawaida za kubeba data. Haina mlango (port), ina namba yake yenyewe ya itifaki, 89, na wengi hufungua milango yote wakasahau hiyo. Nikakagua: 89 ilikuwa imeruhusiwa. Nikawasha tcpdump, programu ya kuchungulia data inayopita, nisikilize waya. Salamu za OSPF zilipita, kutoka kila upande, kila baada ya sekunde 10, zikielekea anwani ya 224.0.0.5 kama inavyotakiwa. Eneo la OSPF lilikuwa moja, muda wa kumhesabu jirani kuwa amekufa ulikuwa sekunde 40 pande zote, na nywila zililingana. Nilipima kwa ping, pakiti (vipande vidogo vya data) zikaenda na kurudi bila kupotea hata moja. Nikabadilisha kebo hata hivyo, kwa sababu saa nane usiku mtu hubadilisha kebo.

Kulikuwa na kijana mwenzangu wa zamu nyingine ambaye naye hakuwa amelala. Akanishauri kwa ujumbe niiamuru ruta ipuuze MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao kadi ya mtandao inaruhusu, akisema yeye hufanya hivyo kila mara na mambo huenda. Nusura nifanye. Lakini ushauri wake ulinigutusha: kwa nini MTU? Sisi tulikuwa baiti 1500 kila mahali. Nikaiambia tcpdump inisomee pakiti kwa kirefu zaidi, nikaacha kutazama salamu, nikatazama zinazofuata, zile ambazo majirani hutumiana kuelezana yaliyomo katika madaftari yao. Ya ruta ilikuja: MTU: 1500. Ya seva yangu ikafuata: MTU: 9000.

Pakiti yenyewe ilikuwa ndogo, haifiki hata baiti mia. Ruta haikushindwa na ukubwa wake. Ilikataa kile pakiti ilichotangaza, kama lori tupu linalozuiwa kwenye mzani wa Mlolongo kwa sababu karatasi zake zinasema litabeba kuliko barabara inavyoruhusu. Salamu hazibebi namba hiyo, ndiyo maana zilipita vizuri. Seva iliipokea pakiti ya ruta, ikaona mazungumzo yameanza, ikasonga mbele hatua moja. Ruta ikaitupa ya seva kila ilipokuja, ikabaki mlangoni. Ndiyo sababu kila mmoja alikuwa na neno lake.

Sasa 9000 ilitoka wapi? Nilifungua faili la usanidi wa kadi za mtandao huku nikimwandaa kichwani yule nitakayemlaumu. Mstari ulikuwepo: "mtu 9000", yaani MTU. Juu yake kulikuwa na maelezo mafupi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, "kwa ajili ya nakala za usiku," na mtu wa pekee aliyeandika maelezo kwa Kiswahili pale ofisini nilikuwa mimi.

Jumanne nilitaka kuharakisha nakala za akiba kati ya seva ile na mashine ya kuhifadhi, zilizounganishwa kwa kadi ya pili. Nikaandika mstari huo chini ya kadi ya kwanza. Nilikusudia kuiwasha upya usiku na kuthibitisha, mvua ikanyesha, nikakimbilia matatu, nikasahau. Faili likakaa kimya siku mbili. Stima ilipokatika seva ikaamka, ikasoma nilichoandika, ikatii.

Nikaufuta mstari, nikairudisha kadi kwenye 1500, nikakaa nikitazama skrini. Exchange. Loading. Full. Nikaondoa njia za mkono moja moja, nikisubiri kila mara nione kama simu ya Eastleigh italia. Haikulia.

Pale ofisini tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na Mwalimu alitaka kila hitilafu iandikwe humo kwa kalamu: saa, dalili, chanzo. Kwenye "chanzo" nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokaa na tcpdump. Mwishowe nikaandika jina langu.

Alifika saa mbili asubuhi akiwa na mandazi kwenye gazeti. Alisoma ukurasa mzima amesimama, akalifunga daftari, akanikabidhi andazi.

"Na ile kadi ya pili," akaniuliza, "umeiwekea hiyo 9000?"

Sikuwa nimeiwekea.