Kuchagua bodi ya bei nafuu kwa ruta ya kujitengenezea

Kwa miezi kadhaa nyumbani kwetu Tanga tulisumbuliwa na jambo moja: mtu mmoja akianza kupakia video kwenye intaneti, mazungumzo ya simu ya video na dada yangu aliyeko Muscat yanakatakata, ingawa laini yetu ya faiba ina megabiti 40 za kupakua na 10 za kupakia. Kisanduku tulichopewa na mtoa huduma kilikuwa kinalimbikiza pakiti, yaani vipande vidogo vya data, katika foleni ndefu, na pakiti za sauti, ambazo haziwezi kusubiri, zilikwama nyuma ya zile za video. Dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni mpangaji wa foleni aitwaye CAKE, ambaye amekuwamo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, lakini kisanduku chetu hakikutoa nafasi ya kumwasha. Hivyo niliamua kutengeneza ruta yangu, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwa programu huria ya OpenWrt, na kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ikawa kuchagua kifaa cha kuiweka.

Nilianza vibaya, kwa kulinganisha kasi za prosesa. Ruta haifanyi hesabu nyingi. Kazi yake kubwa ni kupokea pakiti kwenye mlango mmoja na kuitoa kwenye mwingine, kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni milango hiyo ya mtandao imeunganishwaje na prosesa. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo kwenye bodi moja ya saketi, ni mfano mzuri, kwa sababu ndiyo bodi ambayo wengi wetu tunayo tayari kabatini. Katika matoleo yake ya mwanzo, mlango wa mtandao ulikuwa wa megabiti 100 na ulipitia njia ya USB 2.0, ambayo uwezo wake wa megabiti 480 uligawanywa na kila kitu kingine kilichochomekwa. Toleo la 3B+ la mwaka 2018 liliandikwa kuwa na mlango wa gigabiti, lakini kwa kuwa njia ilikuwa ileile ya USB 2.0, kasi halisi iliishia kwenye megabiti 300 hivi. Ni Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 iliyoleta gigabiti ya kweli.

Hata hiyo ina mlango mmoja tu, na ruta inahitaji pande mbili. Unaweza kuongeza adapta ya mtandao ya USB 3.0, au ukatumia swichi inayofahamu VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa, ili waya mmoja ubebe mtandao wa nje na wa ndani ikiwa imetenganishwa. Njia ya swichi inadharauliwa bila sababu: kwa kuwa kila pakiti huingia na kutoka kwenye mlango uleule, jumla ya kupakua na kupakia ndiyo inayopaswa kutosha ndani ya gigabiti moja, na nyumba yenye laini ya megabiti 40 au 100 haitaufikia mpaka huo. Tatizo langu lilikuwa kwamba swichi ya namna hiyo ingeongeza gharama na adapta nyingine ya umeme.

Nilizitazama pia ruta ndogo zenye prosesa ya MT7621, ambazo ni rahisi kupatikana na zinapokea OpenWrt vizuri. Hapa kuna mtego ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Kasi ya gigabiti inayotajwa kwa vifaa hivi hutokana na saketi maalumu inayosukuma pakiti bila kuishughulisha prosesa, na pakiti zikipita huko haziendi kwa mpangaji wa foleni. Ukimtaka CAKE, lazima uizime saketi hiyo, na hapo ndipo prosesa inapobeba mzigo wote na kasi inashuka sana. Kwa laini yangu ingetosha. Kwa mwenye megabiti 500 isingetosha hata kidogo.

Kompyuta ndogo za mtumba za ofisini zina nguvu za kutosha kabisa, na ndizo zinazomfaa anayetaka pfSense au OPNsense, programu nyingine za ruta, kwa kuwa OPNsense hutolewa rasmi kwa prosesa za bits 64 za aina ya Intel na AMD tu, na pfSense unayopakua mwenyewe ni vivyo hivyo. Sharti upate iliyo na nafasi ya kuchomeka kadi ya pili ya mtandao. Ila mashine ya zamani inayotumia wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 43 za umeme kwa mwezi, wakati bodi ya wati 5 humaliza uniti 3.6. Kifaa kisichozimwa kamwe hununuliwa mara moja dukani na mara ya pili kwenye luku.

Mwishowe nilichagua NanoPi R2S. Ina prosesa ya RK3328 yenye viini vinne, kumbukumbu ya GB 1 na milango miwili ya gigabiti, mmoja umeunganishwa moja kwa moja na wa pili unapitia USB 3.0 ndani ya bodi. Wapo wanaoukataa mlango huo wa pili kwa sababu ya USB, na kwa laini ya gigabiti kamili ningekubaliana nao. Hao wataitazama R4S, ambayo mlango wake wa pili unapitia njia ya ndani iitwayo PCIe badala ya USB. R2S haina Wi-Fi, jambo ambalo kwangu si kasoro, kwani kisanduku cha zamani kimebaki kikitoa Wi-Fi peke yake.

Kilichonisumbua kuliko bodi yenyewe ni umeme. Bodi hii inatumia volti 5, na kwa volti ndogo kiasi hicho waya mwembamba wa chaja ya simu hupoteza sehemu inayoonekana. Wiki ya kwanza ruta yangu ilijizima na kujiwasha kila jioni, nikailaumu programu, nikapanga upya kila kitu mara mbili, kabla ya kupima volti na kukuta 4.6 mwisho wa waya. Waya mfupi na mnene uliondoa tatizo siku hiyohiyo. Kwa ajili ya umeme unapokatika nimeweka betri ya volti 12 ya Ah 7, yaani Wh 84, ambayo nusu yake tu inafaa kutumiwa ili isiharibike mapema. Ruta na kisanduku cha faiba pamoja vinakula wati 10 hivi, kwa hiyo ninapata karibu saa nne, pungufu kidogo kwa ajili ya kinachopotea kwenye kibadilisha volti. Mwenye kupanga betri asikisahau kisanduku cha faiba, maana ruta inayowaka peke yake haina intaneti ya kugawa.

Nilihofia pia kadi ya SD, lakini OpenWrt huhifadhi mfumo wake katika sehemu isiyoandikwa na huweka kumbukumbu za matukio ndani ya RAM, kwa hiyo kadi haichoki haraka. Nilinunua mbili za aina inayoaminika na ya pili nimeinakili ikiwa tayari kuchomekwa.

Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba bodi imo katika matoleo rasmi ya OpenWrt, si katika nakala iliyotengenezwa na muuzaji na kuachwa na kerneli ya zamani. Mradi huu ulianza mwaka 2004 kutokana na ruta ya Linksys WRT54G, ambayo msimbo wake ulitolewa hadharani mwaka 2003 baada ya kugundulika kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, na tangu hapo vifaa vinavyodumu ni vile ambavyo draiva zake, yaani programu zinazoendesha sehemu za kifaa, ziko wazi. Bodi nzuri nazo hukoma: APU2 ya kampuni ya Uswisi ya PC Engines, iliyopendwa kwa milango yake mitatu ya Intel na umeme wa volti 12, ilitangazwa mwaka 2023 kuwa inafikia mwisho. Anayeanza leo aiangalie OpenWrt One, iliyotoka mwaka 2024 kwa dola 89, iliyobuniwa na mradi wenyewe, yenye Wi-Fi ndani na mlango mmoja wa gigabiti 2.5.

CAKE nimempa megabiti 36 za kupakua na 9 za kupakia, chini kidogo ya kasi ya laini, ili foleni iundwe ndani ya ruta yangu na isiundwe kwa mtoa huduma. Jumapili iliyopita mwanangu alipakia video ya mahafali yao ya shule huku dada akizungumza na mama kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyemwambia mwenzake arudie alichosema.