Korija ya Khalati

Mdogo wangu ni mtahiniwa mwaka huu. Juzi aliinua kichwa kwenye vitabu akaniuliza, "Wewe mwaka wa korona, moyo wa kusoma uliutoa wapi?"

Nikamkumbuka khalati, dada yake mama, na sinia lake la unga.

Shule zilifungwa Machi 2020. Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa nao ukafungwa; hatoki mtu, haingii mtu. Hayo niliyavumilia. Kilichonivunja ni Julai, Waziri wa Elimu George Magoha aliposema mwaka wa masomo uhesabiwe umepotea. Nilikuwa Kidato cha Nne. Usiku sipati usingizi, mchana sitoki kitandani, chakula hakipiti. Mama akaniombea dua, baba akanigombeza.

Alfajiri moja khalati akanigongea mlango. "Njoo unisukumie mahamri, mwanangu." Hakuniuliza nina nini. Unga ulikuwa umeshaumuka, unanukia iliki na tui. Nikaanza kusukuma na kukata. Yeye yuko kwenye karai, anayarushia mafuta ya moto juu yafure.

"Mlisoma nini mwisho, kabla ya kufungiwa?"

"Moli. Ya kemia."

"Haya, nieleze."

Sikutaka kusema neno. Lakini khalati ukimnyamazia hakusukumi, hukungoja tu. Nikamwambia chembe ni ndogo mno, hazihesabiki moja moja, kwa hiyo zinahesabiwa kwa moli, na moli moja ni chembe 6.02 × 10²³. Akasimama na upawa mkononi, akafikiri hadi mahamri yakaanza kuungua upande mmoja.

"Basi hiyo ni korija. Marehemu baba akiuza boriti kwa korija, ishirini ishirini. Yenu ndiyo hiyo, ila kubwa."

Ndivyo hasa! Nikacheka, na kule kucheka kukaniamshia njaa. Nikala papo hapo, nimesimama.

Ikawa ndiyo kazi yangu: alfajiri nasukuma na kueleza, usiku nasoma ili nipate cha kueleza. Oktoba tukarudi shule, na mtihani tukaufanya Machi na Aprili 2021. Mwenzangu mmoja wa darasa hakurudi, naye alikuwa na watu wanaompenda vilevile. Kwa hiyo sithubutu kusema hii ni dawa.

Baadaye nilimuuliza khalati kama alikusudia kunitibu. Akasema biashara ilikuwa imelala, deni la unga liko dukani, na alfajiri zile alikuwa akiogopa kukaa jikoni peke yake.