Koplo alipokataa amri yangu: uzoefu wa kamanda wa platuni

Nilikuwa na umri wa miaka 24 na nyota moja begani nilipokataliwa amri kwa mara ya kwanza mbele ya askari. Ilikuwa siku ya tatu ya zoezi la porini katika mkoa wa Pwani, saa tisa alasiri, na platuni yangu ilikuwa imefika kwenye mwinuko ambao tulitakiwa tuwe tumeuchimbia mahandaki kabla giza halijaingia. Niliwaonyesha makamanda wa seksheni zote tatu maeneo yao. Seksheni ya kwanza na ya tatu zilishika sururu na machepe. Kamanda wa seksheni ya pili, Koplo mwenye utumishi wa miaka 17, alivua begi lake la mgongoni, akalikalia, na akasema kwa sauti ambayo askari wake wote waliisikia: "Afande, hawa wamechoka. Sisi tutachimba kesho asubuhi."

Nilimjibu, "Naomba mjitahidi, nitapita saa kumi na nusu kuangalia," kisha nikaenda kukagua seksheni ya tatu kana kwamba jambo lile limekwisha. Niliporudi saa kumi na nusu, udongo wa seksheni ya pili ulikuwa haujaguswa, na askari wa seksheni nyingine mbili walikuwa wameanza kupunguza kasi ya kuchimba huku wakitazama upande ule. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shauri lile halikuwa tena la Koplo mmoja. Platuni nzima ilikuwa inasubiri kuona kama neno langu lina uzito.

Lazima nieleze kwa nini nilitumia neno "naomba", kwa sababu ndilo kiini cha kisa chote. Koplo yule alikuwa na umri wa kuwa mjomba wangu. Alikuwa amekwenda Kongo katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wakati mimi bado nilikuwa mwanafunzi. Uraiani ningemwamkia shikamoo na kumpisha kiti. Jeshini yeye ndiye aliyenipigia saluti. Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, tulifundishwa vizuri namna ya kutoa amri, na katika mazoezi ya darasani niliitoa bila kusita kwa maafisa wanafunzi wenzangu, lakini hao walikuwa rika langu. Nilipokabidhiwa watu walionizidi umri, ulimi wangu ulirudi kwenye malezi ya nyumbani bila mimi kujua. Badala ya "chimbeni" nilisema "mchimbe", na badala ya "mchimbe" nikaishia "naomba mjitahidi". Katika Kiswahili kila hatua ya namna hiyo humwongezea anayesikia nafasi ya kuamua mwenyewe, na Koplo yule alikuwa amenisikiliza kwa wiki sita akiipima nafasi hiyo.

Sajenti wangu wa platuni, mtu mzima asiye na maneno mengi, alinivuta pembeni nyuma ya mkorosho. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Afande, ulimpa amri au ulimwomba?" Nikanyamaza. Akaongeza kwamba yeye angeweza kwenda kuwachimbisha kwa dakika tano, na sikuwa na shaka na hilo, lakini akaniuliza kesho nitamtuma nani. Nilimwambia anifuate awe shahidi, asiseme neno mpaka nimwombe.

Nilifanya mambo machache, na yote niliyafanya polepole ili hasira isinitangulie. Nilimwita Koplo hatua kama ishirini kutoka kwa askari wake, kwa kuwa mtu anayeshindwa mbele ya watu anaowaongoza atashindana mpaka mwisho hata kama moyoni ameshakubali. Nilimweka mguu sawa. Kisha nikasema, kwa sauti ya kawaida: "Koplo, seksheni ya pili inaanza kuchimba sasa hivi. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu kila handaki lifike kina cha kifua. Hii ni amri. Umeelewa?" Sikuongeza sababu wala kitisho. Nilitaka asibaki na neno hata moja la kushikilia isipokuwa kutii au kukataa.

Akajibu, "Nimeelewa, Afande. Ila askari wangu wamebaki na nusu chupa ya maji kila mmoja tangu asubuhi."

Sikuwa nimejua. Boza la maji lilipokuja alfajiri, seksheni ya pili ilikuwa kwenye lindo la nyuma, na hakuna aliyewawekea fungu lao. Kuhakikisha kwamba wamepata lilikuwa jukumu langu, na sikulitimiza. Kwa hiyo nilisimama mbele ya mtu aliyekuwa na kosa na haki kwa wakati mmoja, na huo ndio mtego unaowanasa makamanda wengi vijana: ama wanaitupa haki kwa sababu ya kosa, ama wanalifuta kosa kwa sababu ya haki. Nilimwambia, "Maji yatafika ndani ya nusu saa, na ulipaswa kuniambia asubuhi. Kuchimba kunaanza sasa." Hakubishana. Aligeuka, akawaita askari wake, na sururu ya kwanza ikapiga ardhi kabla sijaondoka.

Madumu mawili ya maji kutoka makao ya platuni yalifika kabla nusu saa haijatimia. Nilishawishika kushika chepe na kuchimba pamoja nao, jambo ambalo siku nyingine nimelifanya na ninaliona jema. Jioni ile nilijizuia. Ningeonekana ninalipia utii wao kwa jasho langu. Nilikwenda kuchimba handaki langu mwenyewe, nikarudi kukagua saa kumi na mbili na nusu, na nikamwambia Koplo mbele ya askari wake kwamba kazi ni nzuri, kwa sababu ilikuwa nzuri kweli.

Usiku ule sikulala sana. Nilifikiria somo ambalo kila afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hulisikia mapema, kwamba jeshi letu lilizaliwa kutokana na uasi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maafisa wao. Walikuwa na malalamiko ya kweli: mshahara mdogo, na maafisa wa Kiingereza walioendelea kuwaongoza zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza msaada, makomando wao wakatua tarehe 25, na jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaanzishwa jeshi jipya. Nilipokuwa darasani nililichukua kama somo la ubaya wa uasi tu. Ndani ya handaki nililiona pia kuwa somo la malalamiko yanayokosa njia ya kupita. Sifananishi nusu chupa ya maji na mambo ya mwaka 1964. Ninachosema ni kwamba Koplo wangu alikuwa na la kusema tangu alfajiri, na kwa wiki sita sikuwa nimemwonyesha mahali pa kulisemea.

Hata hivyo kosa lilikuwa limetendeka. Kamanda wa platuni hana uhuru wa kusahau, kwa maana askari hawasahau. Luteni mwenzangu alinishauri niikimbize seksheni nzima kwa saa mbili tukirudi kambini, halafu mambo yaishe hapohapo. Nilikataa kwa sababu mbili. Kwanza, nidhamu yetu inaongozwa na sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 imeweka kanuni za nidhamu ya kijeshi pamoja na utaratibu wa kumsikiliza mtuhumiwa, na mimi sikupewa mamlaka ya kubuni adhabu. Pili, askari wanane ambao hawakukataa lolote wangeumia kwa ajili ya mmoja, na huyo mmoja angekuwa shujaa wao. Nimeona adhabu ya kundi ikifanya hivyo mahali pengine, na kamanda aliyeitoa hakuwahi kuipata tena seksheni ile.

Nilikwenda kwa kamanda wa kombania, yaani kundi la platuni kadhaa ikiwemo yangu, Meja mwenye kusikiliza, naye akanipa karatasi akaniambia niandike maneno niliyoyasema mimi na maneno aliyoyasema Koplo, bila kuongeza wala kupunguza. Kuandika kulinifundisha kuliko mahubiri yoyote. Nilipofika kwenye "naomba mjitahidi, nitapita saa kumi na nusu", kalamu ilisimama. Meja alisoma, akanieleza kwamba amri haihitaji ukali wa sauti ili iwe amri, na kwamba hata afisa anayezungumza kwa adabu anastahili kutiiwa, mradi anayeambiwa ajue bila shaka kuwa ameamriwa. Akaniuliza kama ninaweza kuapa kwamba Koplo alijua. Kwa kugawa maeneo ya kuchimba, nilijibu, ndiyo, alijua, na alikataa. Kwa maneno ya pili sikuweza kuapa.

Basi tulilipeleka shauri kama lilivyokuwa. Koplo alisikilizwa, akapewa nafasi ya kueleza habari ya maji, na mimi nikathibitisha kuwa ni kweli. Akakiri kwamba hakutoa taarifa alipopaswa, na kwamba alitamka kukataa mbele ya askari. Akapewa karipio. Wapo waliodhani ni adhabu ndogo. Mimi niliona inatosha, kwa kuwa ililingana na kosa na kwa kuwa ukweli wote ulisemwa mbele yake, ukiwemo ule ulionihusu mimi.

Jioni hiyohiyo nilimwita ofisini, Sajenti akiwapo. Nilimweleza kwamba kuanzia siku ile, kabla sijatoa amri nitauliza makamanda wa seksheni wana hoja gani, na hapo ana ruhusa ya kunipinga kwa nguvu zake zote. Nikishasema "hii ni amri", hoja zimefungwa na kazi imeanza. Kama amri si halali, hapaswi kuitekeleza, na njia ya kwenda kwa kamanda wa kombania iko wazi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Hivyo naweza, Afande."

Aliweza. Miezi michache baadaye, kabla ya masika, nilikuwa nimechagua mbuga moja kwa ajili ya kambi ya platuni. Akanyoosha mkono wakati wa hoja, akasema udongo ule mweusi ukinyeshewa hautoi gari wala mtu. Tulihamia juu zaidi. Mvua ilipokuja, platuni ya jirani ilitumia asubuhi nzima kulinasua gari lake matopeni.

Aliyenisumbua zaidi, nakiri, alikuwa mwingine: Koplo Usu wa seksheni ya tatu ambaye hakukataa amri hata siku moja. Alisema "ndiyo, Afande", akaenda, na kazi ikachelewa kila mara kwa robo saa, huku akitabasamu. Ukaidi wa namna hii ni mgumu kwa sababu hauna neno la kuandika kwenye karatasi ya Meja. Dawa niliyoipata ilikuwa kutaja saa kamili katika kila amri niliyompa, kuwepo saa hiyo ilipofika, na kuandika nilichokikuta. Baada ya kumsomea maandishi ya wiki mbili, tabasamu lilipungua, ingawa sidhani kwamba nilimshinda moyoni. Alihamishiwa kikosi kingine kabla sijajua kilichokuwa kinamsumbua, na ninajuta kwamba sikumuuliza mapema.

Mwaka uliofuata baba yake Koplo yule wa seksheni ya pili alifariki. Nilikwenda msibani na Sajenti, tukiwa tumevaa kiraia. Koplo alikuwa amekaa kwenye mkeka na wazee wa ukoo wake. Nilivua viatu, nikainama, nikamwambia, "Shikamoo, kaka. Pole sana." Akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa muda mrefu, akasogea ili nipate nafasi ya kukaa. Aliporudi kikosini baada ya likizo ya msiba alinikuta kwenye uwanja wa gwaride, akasimama hatua tatu mbele yangu, akapiga saluti, akaniuliza kazi ya siku ile ni ipi.